Mchuma Janga Hula na wa Kwao: Maji, Maradhi na Wajibu wa Pamoja katika Kisiwa cha Ndau

Methali isemayo "Mchuma janga hula na wa kwao" aghalabu hutumiwa kulaumu. Mtu akikosea na jamaa zake wakaingia matatani pamoja naye, wazee huitamka ili kumkanya na kumtia haya. Hata hivyo, methali hiyo ina upande wa pili ambao haujazingatiwa vya kutosha. Mbali na lawama, inaeleza jambo la kweli juu ya maisha ya watu wanaokaa pamoja: madhara hayabaki kwa aliyeyaanzisha. Makala haya yanadai kwamba upande huo wa pili ndio unaofaa kuiongoza jamii baada ya mlipuko wa maradhi. Mshikamano wa kweli haupimwi kwa wingi wa pole zinazotolewa wakati wa ugonjwa. Hupimwa kwa namna jamii inavyokitunza kile inachokitumia kwa shirika baada ya ugonjwa kuondoka. Mfano unaochukuliwa hapa ni kisiwa cha Ndau katika visiwa vya Lamu, na kitu kinachotumiwa kwa shirika ni maji.

Kisiwa na maji yake

Ndau ni kisiwa kidogo kilicho mashariki ya Pate, kwenye njia ya bahari iendayo Kiwayuu na Kiunga. Wakaazi wake wengi ni Wabajuni, wasemaji wa Kitikuu. Kazi zao ni uvuvi, ukataji wa mikoko na kilimo. Kisiwa kimezungukwa na bahari na misitu ya mikoko, lakini maji ya kutegemewa kwa kunywa ni ya mvua, kwa kuwa visima vya visiwa hivi mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Ndiyo sababu watu wa Lamu Mashariki hujenga majabia. Jabia ni sakafu pana yenye mteremko, inayokinga maji ya mvua na kuyaongoza hadi kwenye tangi lililochimbwa ardhini. Masika yakija vizuri, tangi hujaa. Kaskazi ikizidi, maji huteremka siku baada ya siku hadi kata ikagusa chini.

Jambo la kuzingatiwa kuhusu jabia ni kwamba halina mwenyewe mmoja. Anayekanyaga sakafu yake kwa viatu vichafu huchafua maji ya mtaa mzima. Ufa mmoja usiozibwa huwapotezea wote maji ya miezi mingi, na anayechota kupita kiasi humpunguzia asiyemjua. Methali nyingine husema kuwa damu ni nzito kuliko maji. Katika kisiwa cha aina hii maji nayo yana uzito wake, kwa sababu huwafunga pamoja watu wasio na nasaba moja.

Historia ya eneo hili inatoa ushahidi wa jambo hilo. Wakati wa Vita vya Shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, Wabajuni wengi waliokuwa wakiishi bara walivihama vijiji vyao kwa kuhofia usalama. Baadhi walikwenda mbali hadi Malindi na Mombasa, na wengine wakakimbilia visiwani. Vijiji kadhaa vya bara vikawa mahame, na wengi wa waliohama hawakurejea. Waliobaki visiwani walikunywa maji ya visiwa hivyo, maji ambayo hayakuwatosha hata wenyeji. Mshikamano wa namna hiyo hauwezi kuishia kwenye maneno, kwa kuwa kila mtungi unaotolewa kwa mgeni ni mtungi uliopungua kwa mwenyeji. Kwa hivyo mtu anayetaka kujua kama jamii ina umoja hana haja ya kuuliza inavyojisifu. Aulize inavyogawana maji mwaka wa ukame.

Maradhi yaliyotoka mtungini

Katikati ya mwaka 2004 visiwa vya Lamu viliingiliwa na homa ambayo wengi hawakuitambua mara moja. Mgonjwa alipandwa na joto ghafla, akaumwa na viungo hata akashindwa kusimama wima, na siku chache baadaye jirani yake akalala vivyo hivyo. Uchunguzi wa maabara ulithibitisha kuwa ni chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo watafiti walipima damu ya watu 288 katika kisiwa cha Amu. Watu 215, yaani takriban asilimia 75, walikuwa na dalili za kuambukizwa. Kutokana na kipimo hicho ilikadiriwa kuwa watu wapatao 13,500 kati ya wakaazi 18,000 hivi wa kisiwa hicho walikuwa wameupata ugonjwa. Katika nyumba ya watu wanne, wastani wa watu watatu waliambukizwa. Ni vigumu kupata mfano ulio dhahiri zaidi wa msiba usiochagua nyumba.

Kilicho muhimu kwa mjadala huu ni chanzo cha mlipuko wenyewe. Mtu anaweza kudhani kuwa mbu huletwa na mvua nyingi na madimbwi. Mwaka 2004 mambo yalikuwa kinyume. Wataalamu waliochunguza hali ya hewa ya pwani waliuhusisha mlipuko huo na ukame na joto lisilo la kawaida. Maji yalipoadimika, watu walifanya kile ambacho kila mtu mwenye busara angefanya: waliyahifadhi majumbani, katika mitungi, mapipa na matangi, wakayaweka kwa muda mrefu bila ya kuyabadilisha. Mbu aina ya *Aedes aegypti*, anayeeneza chikungunya na dengi, hupenda maji ya namna hiyo hasa. Hataki kinamasi wala mtaro wenye uchafu. Huhitaji maji yaliyotulia ndani ya chombo, karibu na watu. Hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingoja maji yapande tena. Mbu mwenyewe haruki mbali. Katika maisha yake aghalabu hazidi mita mia chache kutoka alikozaliwa.

Mambo hayo yakiunganishwa, maana ya methali iliyotajwa mwanzoni hubadilika. Hapa janga halikuchumwa na mzembe wala na mvunja sheria. Lilichumwa na mama aliyejaza mapipa yake ili watoto wasilale na kiu. Hakutenda kosa. Lakini kwa kuwa mbu haruki mbali, mbu anayemuuma mtu mchana sebuleni amezaliwa katika pipa la nyumba hiyo au la nyumba ya jirani. Mtu anaweza kufunika vyombo vyake vyote kila siku na bado akaugua kwa sababu ya chombo kimoja kilichosahauliwa nyuma ya ukuta wa mwenzake. Kwa hiyo wajibu upo hata pale ambapo lawama haipo. Tofauti hiyo ndiyo ambayo jamii nyingi hushindwa kuiona baada ya mlipuko. Zikimkosa wa kulaumiwa, hudhani pia kuwa hakuna la kufanywa.

Majina ya maradhi na kumbukumbu ya lugha

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana sehemu yao katika suala hili, kwa sababu lugha ndiyo ghala ambamo jamii huhifadhi yale iliyojifunza kutokana na misiba yake. Neno chikungunya, ambalo leo limeenea ulimwenguni, mara nyingi hudaiwa katika maandishi ya kigeni kuwa ni la Kiswahili. Asili yake ni Kimakonde. Lilipatikana katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, huko Newala na nyanda za Wamakonde, na linatokana na kitenzi chenye maana ya kupindika au kujikunja. Waliolitoa walieleza walichokiona, yaani mtu aliyepindishwa na maumivu ya viungo. Walikuwa wagonjwa wenyewe na jamaa zao, na neno lao limewashinda wataalamu wote waliokuja baadaye.

Kiswahili nacho kina neno lake. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja katika karne ya 19, aliandika juu ya homa ya viungo iliyozuka kisiwani mwaka 1870, na akaeleza kuwa watu wazima waliikumbuka kutoka mlipuko wa mwaka 1823 hivi na kuiita kidinga pepo. Baadhi ya wataalamu wa leo, wakizisoma dalili alizozitaja, wanaona kuwa yamkini ugonjwa huo ulikuwa chikungunya. Nchini Tanzania neno kidingapopo limerudi katika matumizi kwa maana ya homa ya dengi, na lilisikika sana wakati wa mlipuko wa Dar es Salaam wa mwaka 2014. Hivyo basi, ugonjwa uliowashangaza watu wa Lamu mwaka 2004 huenda haukuwa mgeni kabisa katika mwambao. Yawezekana ulikwisha kupita, ukapewa jina, kisha ukasahauliwa.

Kwa nini ulisahauliwa? Sababu moja imo katika majina yenyewe. Chikungunya inataja maumivu na kidinga pepo inamtaja pepo. Hakuna jina linalotaja chombo cha maji. Hii si lawama kwa waliozitunga istilahi hizo, maana uhusiano wa mbu na homa hizi ulikuja kujulikana karne ya 20. Lakini jamii iliyorithi majina hayo ilirithi kumbukumbu ya mateso bila ya kumbukumbu ya kinga. Kizazi kilichofuata kilijua jinsi mtu anavyopindika. Hakikujua la kufanya kabla hajapindika.

Kasoro ya namna hiyo inaonekana hata katika mafundisho ya afya ya siku hizi. Kwa miaka mingi wananchi wa pwani wameambiwa wafukie madimbwi, wafyeke nyasi na walale ndani ya chandarua. Ni mafundisho mazuri dhidi ya malaria, inayoenezwa na mbu wa usiku. Mbu wa chikungunya huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa, na huzaliwa katika maji safi ndani ya nyumba. Mtu aliyefuata mafundisho ya malaria neno kwa neno anaweza kuamini kuwa ametimiza wajibu wake wote, ilhali pipa lililo mlangoni mwake linaangua mbu kila wiki. Kiswahili kina neno moja tu linalotumiwa na wengi, mbu, kwa wadudu wenye tabia zinazotofautiana sana. Kuitofautisha mbu wa usiku na mbu wa mchana, mbu wa dimbwi na mbu wa mtungi, ni kazi ya lugha kabla haijawa kazi ya dawa.

Mwaka 2020 ulileta mfano mwingine. Baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi, matangazo ya Kiswahili yalianza kuwahimiza watu kuweka "umbali wa kijamii". Fungu hilo lilitafsiriwa moja kwa moja kutoka Kiingereza. Kwa Mswahili, kujitenga na jamii ni adhabu au ni kiburi, na asiyehudhuria maziko wala kumjulia hali mgonjwa hana utu. Kilichohitajika kilikuwa umbali wa miili, huku nyoyo zikibaki karibu. Mwezi huo huo wa Machi wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walianza kupendelea istilahi inayotaja umbali wa mwili badala ya ule wa kijamii. Katika Kiswahili fungu la kwanza lilikwisha kuzoeleka. Katika kisiwa kidogo, ambako jirani ndiye gari la wagonjwa na ndiye benki, kumwambia mtu ajitenge na jamii ni kumwomba aiache kinga yake ya kwanza.

Pole zikiisha

Hapana shaka kuwa wakati wa ugonjwa wenyewe jamii za mwambao hujitahidi sana. Mgonjwa hupikiwa uji, watoto wake huchukuliwa na jirani, na chombo hutafutwa cha kumvusha kwenda hospitalini Faza au Amu, hata kama mafuta ya mashine yatachangwa kwa shilingi moja moja. Wahenga walisema msiba wa wengi ni harusi. Panapokuwa na wagonjwa wengi hakuna anayejiona ametengwa, na hata aliyenuniana na mwenzake hupata sababu ya kubisha mlango wake.

Tatizo huanza homa inapoondoka. Kwanza, chikungunya haimwachi kila mtu kwa wakati mmoja. Wapo wanaopona kwa wiki moja, na wapo ambao viungo vyao huendelea kuuma kwa miezi. Katika kisiwa cha Réunion, uchunguzi uliofanywa baada ya mlipuko wa mwaka 2005 na 2006 ulionyesha kuwa wagonjwa wengi walikuwa bado na maumivu baada ya kupita mwaka na zaidi. Karani mwenye kifundo cha mkono kinachouma anaweza kuendelea na kazi yake kwa shida. Mvuvi anayevuta nyavu na mkata boriti anayeinua shoka hawezi. Majirani waliomletea uji siku ya tatu hawamwoni tena siku ya tisini, na yeye mwenyewe huona haya kusema kuwa bado anaumwa wakati wenzake wote wamekwisha kupona. Jamii yenye mshikamano humkumbuka huyu wa siku ya tisini. Humpa kazi ya kukaa, kama vile kushona nyavu, na humhesabu katika mgawo wa samaki mpaka nguvu zimrudie.

Pili, chombo kilichozaa mbu hubaki pale pale. Jabia lenye ufa hubaki na ufa wake. Mapipa yaliyosuguliwa kwa pupa wakati wa hofu hurudi kuwa kama yalivyokuwa, na vifuniko huchukuliwa kuanikia samaki. Hapa ndipo methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta inapopata maana iliyo karibu sana na herufi zake. Katika Kiswahili kuna neno msaragambo, yaani mwito wa kufanya kazi ya pamoja kwa faida ya wote. Jabia linahitaji msaragambo kila mwaka kabla ya masika: kufagia sakafu, kuziba nyufa, kutia wavu mahali pa kuingilia maji na kukaza mfuniko. Vyombo vya nyumbani vinahitaji kumwagwa na kusuguliwa kuta zake kila wiki, maana mayai hushika ukutani na hayatoki kwa kusuuzwa tu. Kazi hii haina ugumu wa kitaalamu. Ugumu wake ni kwamba lazima ifanywe na wote, tena wakati ambapo hakuna anayeumwa.

Tatu, neno "wote" lina mtego. Katika kaya nyingi za mwambao wanaochota maji ni wanawake na wasichana, wanaosugua mapipa ni hao hao, na wanaouguza ni hao hao. Kamati inapokutana barazani na kuamua kuwa "jamii" itasafisha vyombo kila Ijumaa, aghalabu wanaoamua si watakaosafisha. Wajibu wa pamoja unaomwangukia mtu mmoja ndani ya nyumba haustahili kuitwa wa pamoja. Mwanamume anayeweza kupaka chombo chake deheni kabla ya kukishusha baharini anaweza pia kusugua pipa la maji anayokunywa.

Hoja za upinzani

Wapo watakaosema kuwa mambo haya yamepitwa na wakati. Siku hizi mwenye uwezo hununua tangi lake la plastiki, akalifunga na kuishi kwa amani bila ya kugombania jabia. Hoja hii ina ukweli, kwani tangi lililofunikwa vizuri ni salama. Lakini haizingatii mambo mawili. Tangi la mwenye uwezo halimkingi na mbu wa jirani asiye na uwezo. Isitoshe, kila mwenye nguvu anapojitoa katika jabia, jabia hubaki na wanyonge peke yao, wasio na fedha ya saruji wala sauti ya kusikizwa barazani. Janga la korona liliudhihirisha udhaifu huo. Watu waliambiwa wanawe mikono kwa maji yanayotiririka kwa sekunde 20, mara nyingi kwa siku. Tarehe 8 Septemba 2021, janga hilo likiwa bado linaendelea, ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa nchini Kenya. Lamu ni mojawapo ya kaunti 23 zinazohesabiwa kuwa kame au nusu kame. Mtu anayehesabu maji kwa mtungi hawezi kuyatiririsha. Kutii amri za afya kuligeuka kuwa anasa ya wenye maji.

Wengine husema kuwa maradhi ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na kwamba mwanadamu hana la kuongeza wala kupunguza. Katika kisiwa cha Waislamu hoja hii ina heshima yake na haifai kubezwa. Hata hivyo, mafundisho ya dini hiyo hiyo yanajulikana na kila mtoto wa chuoni: mtu humfunga kwanza ngamia wake, kisha akatawakali. Kuufunika mtungi ni kumfunga ngamia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Wapo wanaouliza ni kwa nini watu wa Ndau wafundishwe wajibu ilhali serikali ndiyo yenye kodi na ndiyo yenye mamlaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata afya ya kiwango cha juu kinachowezekana na maji safi na salama ya kutosha. Katiba hiyo imezikabidhi kaunti sehemu kubwa ya huduma za afya na maji. Watu wanaoishi mwendo wa mashua kutoka hospitali hawapaswi kuambiwa kuwa mshikamano wao unatosha. Mshikamano haupimi damu wala hauleti dawa ya maumivu, na hauwezi kugundua katika wiki ya kwanza kuwa homa hii si malaria. Kiongozi anayewasifu wananchi kwa umoja wao huku akiacha zahanati bila ya dawa hutumia sifa kulipia deni.

Lakini kinyume chake nacho ni kweli. Serikali iliyo makini kuliko zote haiwezi kufika kila asubuhi kutazama ndani ya pipa la kila nyumba. Jabia linaweza kujengwa kwa fedha za umma, na bila ya watu wa kulifagia likawa shimo la mbu kabla ya miaka mitatu. Sehemu mbili hizi hazipaswi kumezana. Wananchi wanaotunza chao wana haki ya kudai cha serikali kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu hawawezi kujibiwa kuwa wao wenyewe ni wazembe.

Ni nani "wa kwao"?

Limebaki swali moja ambalo methali hailijibu: hao "wa kwao" ni akina nani? Katika kijiji ni jamaa na jirani. Mlipuko wa mwaka 2004 uliipanua maana hiyo kuliko ilivyotazamiwa. Kutoka Lamu chikungunya ilionekana Mombasa kabla ya mwaka kwisha. Mapema mwaka 2005 ilizuka Ngazija, ambako zaidi ya nusu ya watu waliambukizwa. Ikaenea katika visiwa vya Bahari ya Hindi hadi Réunion, ambako watu wapatao 266,000, zaidi ya theluthi moja ya wakaazi wote, waliugua. Mwaka 2006 ikawafikia watu zaidi ya milioni moja nchini India. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha ukaribu mkubwa kati ya virusi vya Lamu na vile vya Komoro. Njia hiyo ya Lamu, Ngazija na Bara Hindi ndiyo iliyopitwa na majahazi kwa karne nyingi, yakibeba boriti, nguo na maneno. Bahari iliyokiunda Kiswahili haikuacha kuwaunganisha watu wake hata katika maradhi.

Kwa hiyo ukame katika visiwa vidogo vya Lamu si habari ya Lamu peke yake, na kupuuzwa kwa Ndau si hasara ya Ndau peke yake. Anayedhani kuwa kisiwa cha mwisho kwenye ramani kinaweza kungoja hadi cha kwanza kishibe hajayasoma vyema matukio ya mwaka 2004 hadi 2006.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu haviwezi kujenga majabia, lakini vina kazi yao. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kwenda Lamu Mashariki kukusanya msamiati wa maji na maradhi katika Kitikuu, lahaja ambayo mtu huitwa *mchu* na ambayo watunzi wa matangazo ya afya hawaikumbuki mara nyingi. Mhadhiri wa tafsiri anaweza kuwapa wanafunzi wake tangazo la chikungunya na kuwauliza kama mvuvi akilisikia ataelewa kuwa mbu yumo ndani ya nyumba yake, si kinamasini. Kazi hizi zifanywe wakati huu ambapo hakuna mlipuko, kabla wazee wanaoikumbuka homa ya mwaka 2004 hawajaondoka na waliyoyaona.

Masika yatakuja, sakafu za majabia zitapokea maji, na watu watajaza mapipa yao kama ilivyo haki yao. Kila atakayeinua mfuniko kuchota na akaurudisha mahali pake atakuwa amemfanyia jirani yake jambo ambalo jirani huyo hatalijua wala hatalishukuru. Mambo madogo ya namna hiyo, yakirudiwa na wote bila ya kungoja homa nyingine, ndiyo yanayostahili kuitwa mshikamano.